Neno Halitembei Peke Yake

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, jijini Dodoma Februari 1, 2025, mjadala wa lugha ya kufundishia umefufuka. Sera hiyo inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Ufipa ambaye zamani angeishia darasa la saba na kurudi shambani, sasa atavuka na kuingia kidato cha kwanza, ambako Jiografia na Baiolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 nayo imelishusha somo la Kiingereza kutoka darasa la tatu hadi darasa la kwanza.

Hivi karibuni nilikuwa Sumbawanga kwa msiba wa ndugu. Jioni, watu wamekaa chini ya turubai wakiota moto kwa sababu ya baridi, walimu wawili walianza kulizungumza jambo hili. Mmoja alisema mtoto akianza Kiingereza mapema, tatizo litakuwa limekwisha. Mwenzake akajibu kwamba kuanza mapema si kitu kama anayefundisha hajui namna ya kufundisha. Waombolezaji waligawanyika, kila mmoja na upande wake. Mimi nilikaa nikiwasikiliza, na katika kusikiliza kwangu nilikumbuka neno moja la Kiingereza ambalo lilinichukua miaka mingi kulielewa sawasawa. Neno lenyewe ni "account". Ni neno la kila siku, liko benki, liko kwenye simu, liko kwenye karatasi za mitihani. Historia ya kulijua kwangu inaeleza, nadhani, jambo ambalo mjadala huu unalipita bila kuligusa.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Laela, kusini mwa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu ambao sehemu kubwa unapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Nyumbani tuliongea Kifipa. Kiswahili tulikipata kanisani, gulioni na shuleni, kwa kuwa tangu 1967 masomo yote ya shule za msingi za serikali yalikuwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Ufipa aliyeanza darasa la kwanza alikuwa anajifunza lugha ya pili, na kufikia darasa la nne ilikuwa imekuwa yake kabisa, ya kuchezea, ya kugombania na ya kuulizia maswali.

Nakumbuka mwalimu wetu wa Historia alivyotufundisha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo havikufika Ufipa, lakini alijua namna ya kutusogezea. Alichora ramani ubaoni, akaweka alama Ngarambe alikokuwa Kinjekitile, mganga aliyewagawia wapiganaji maji ya dawa, kisha akaweka alama nyingine Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Akatuambia kwamba Wajerumani waliowalazimisha watu wa kusini kulima pamba ndio hao hao waliojenga boma Kasanga na kupaita Bismarckburg. Darasa lilichangamka. Kuna aliyetaka kujua kama Wafipa nao walitozwa kodi. Mwingine aliuliza iweje watu wazima waamini kwamba maji yatazuia risasi. Mwalimu hakumkemea. Alisema mtu aliyebanwa pande zote hutafuta kitu cha kuwaunganisha watu, na maji yale yaliwaunganisha. Tulitoka darasani tukiwa bado tunabishana.

Funzo la kipindi kile nalishika mpaka leo: mtoto anayeielewa lugha ya darasa huuliza, na anayeuliza ndiye anayejifunza.

Nikafaulu kwenda sekondari ya bweni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Darasani palitulia ghafla. Wale wale waliokuwa mabingwa wa kuuliza maswali katika shule zao za msingi waliinamisha vichwa. Mwalimu aliandika maelezo ubaoni, nasi tukanakili. Aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, naye alitembea nacho mpaka amkamate mwingine. Kibao kile hakikumfundisha mtu Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza, na lugha haijifunzwi kwa kunyamaza.

Ndipo kidato cha pili tukakutana na swali la Historia lililoanza na maneno haya: "Account for the outbreak of the Maji Maji uprising." Vita vya Maji Maji tulivijua. Kilichotushinda ni maneno mawili ya kwanza.

Jirani yangu wa dawati alikuwa kijana kutoka bondeni, kandokando ya Ziwa Rukwa. Usiku bwenini alikuwa na kipaji cha kusimulia. Habari za Kinjekitile, za maakida na za mashamba ya pamba alizisimulia kwa namna iliyowafanya hata wa kidato cha nne wasogee kusikiliza. Neno "account" alikuwa ameliona kwenye bango la benki mjini, na hapo alilijua kuwa ni jambo la fedha. Basi akajibu swali zima kwa habari ya fedha: kodi ya nyumba ya rupia tatu, namna ilivyokusanywa, namna watu walivyoikimbia. Yote aliyoandika yalikuwa kweli, ila ilikuwa sababu moja tu kati ya nyingi zilizotakiwa. Wengine walikuwa wamelitafuta neno hilo siku za nyuma katika kamusi kubwa ya maktaba, ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939, wakalikuta na maana ya habari au maelezo. Hao walisimulia vita mwanzo mpaka mwisho, kurasa na kurasa, wasitaje sababu. Na wapo walioacha nafasi tupu.

Yule kijana hakuendelea na kidato cha tatu. Nimekuwa nikimfikiria kila ninaposikia mtu akisema watoto wa siku hizi hawajui historia. Karatasi ile ilimpima Kiingereza, matokeo yakaandikwa kwamba hajui Historia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na taifa linaloyachanganya hupoteza watu wake wenye akili bila kujua limewapoteza lini.

Mwaka uliofuata tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, mama mmoja mtulivu asiyependa kibao. Alikataa orodha za maneno. Mwanafunzi aliyemletea neno na tafsiri yake pembeni alirudishiwa daftari. "Usiniletee neno peke yake," alikuwa akisema. "Nenda kalitafute linakaa na nani."

Alitugawia daftari dogo kila mmoja. Kila neno lilipewa ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo tuliandika sentensi nzima kila tulipolikuta neno hilo mahali. Wakati huo shule za sekondari zilikuwa zikipokea vitabu vya hadithi vyembamba, vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, kupitia mradi wa kuinua Kiingereza uliogharamiwa na Uingereza kuanzia 1987. Shuleni kwetu vilifika ndani ya maboksi. Shule nyingine, nilisikia baadaye, ziliyafungia kabatini yasichakae. Mwalimu wetu aliyafungua siku ile ile na kutuazima vitabu, tukasoma jioni baada ya chakula mpaka taa ya karabai inazimwa.

Ukurasa wangu wa "account" ulianza kujaa. Katika hadithi moja mtu aliahirisha safari "on account of the rain", yaani kwa sababu ya mvua. Katika nyingine shahidi alitoa "his account" ya ajali, yaani maelezo yake ya mambo aliyoyaona. Katika ya tatu mfanyabiashara alishindwa "to account for" fedha alizokabidhiwa, yaani hakuweza kueleza zilikokwenda. Lile neno la benki, lile la kamusi na lile la mtihani yalikuwa neno moja, na kilichobadilisha kazi yake ni maneno yaliyolizunguka. Likikutana na "for" lina kazi hii, likitanguliwa na "on" na kufuatwa na "of" lina kazi ile.

Wafipa tuna kilimo cha matuta tunachokiita ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hukata udongo pamoja na nyasi zake, akazifukia ndani ya tuta. Juu hupanda maharage. Msimu unaofuata hulibomoa tuta na kulitawanya, na zile nyasi zilizooza ndizo zinazolisha ulezi. Maneno ya Kiingereza yaliyodumu kwangu yaliingia kwa namna hiyo. Yalifukiwa na sentensi zake, yakakaa, na faida yake ikaonekana msimu mwingine kabisa. Orodha za kukariri zilikauka juu ya ardhi.

Hata hivyo, lilibaki jambo moja ambalo daftari halikunipa. Nilikuwa na sentensi nyingi lakini sikuona ni kitu gani kinachozifunga pamoja. Aliyenionyesha ni baba yangu mdogo, ambaye hakusoma sekondari.

Ilikuwa miaka ya tisini. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyosifika nchini kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Baba mdogo alikuwa ameuza mahindi yake, naye hakutaka tena kuweka fedha ndani ya nyumba. Akaniomba nimsindikize mjini kufungua akaunti. Tulipanda lori la mizigo alfajiri, barabara ikiwa bado ya vumbi. Lami ya kutoka Tunduma ilikuja miaka mingi baadaye.

Benki alipewa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu mpaka chini. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akamuuliza dada aliyekuwa dirishani, "Samahani, mwanangu. Hii akaunti hasa ni kitu gani?"

Yule dada angeweza kumwambia aweke sahihi tu, foleni ilikuwa ndefu. Hakufanya hivyo. Aligeuza fomu iliyoharibika, akachora mstari katikati kwa kalamu ya wino. Upande wa kushoto akaandika "zilizoingia", upande wa kulia "zilizotoka". Akasema, "Baba, hii ndiyo akaunti yako. Kila shilingi unayoleta tutaiandika huku, na kila unayochukua tutaiandika huku. Siku yoyote ukija ukauliza, lazima tukupe hesabu."

Baba mdogo akacheka kwa furaha. "Kumbe ni kutoa hesabu! Hiyo naijua. Nimekuwa mtunza fedha wa chama cha msingi cha ushirika, kila msimu nilisimama mbele ya wanachama nikatoa hesabu. Wakati mwingine walinikalisha mpaka jua linazama." Akasaini.

Nilirudi kijijini nikiwa na wazo jipya. "Account" ni hesabu, na kutoa hesabu kwa Kiswahili kuna upana ule ule. Anayetoa hesabu huanza na tarakimu, lakini haishii hapo. Huulizwa fedha imepungua kwa nini, gunia limekwenda wapi, nani aliidhinisha. Hesabu hugeuka kuwa maelezo, na maelezo hugeuka kuwa sababu. Swali lile la Maji Maji lilikuwa linatuambia tutoe hesabu ya vita: vimetokeaje, vimeletwa na nini. Kila mtoto wa darasa letu alikuwa ameshuhudia baba, mjomba au jirani akitoa hesabu kwenye mkutano wa ushirika. Maana tulikuwa nayo vichwani siku zote. Palikosekana mtu wa kutuonyesha kwamba neno geni na jambo tunalolijua ni kitu kimoja, na shule yenye kibao ilikuwa imelifunga daraja lenyewe, yaani Kiswahili.

Baada ya hapo nililiona neno hilo kila mahali penye mamlaka. Mkaguzi wa fedha za umma nchini anaitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kamati ya Bunge ambayo kwa Kiingereza ina neno "Accounts" katika jina lake, kwa Kiswahili ni Kamati ya Hesabu za Serikali. Waliotafsiri majina hayo walijua wanachokifanya: walimpa mwananchi neno analoweza kulitumia kuuliza.

Na kweli wananchi hulitumia. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Ufipa. Kwa utaratibu, mikutano hiyo hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono. Mtendaji aliisoma kwa haraka. Alipofika kwenye ujenzi wa darasa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono. "Hapo umesema mbao zimenunuliwa," alisema. "Mbao tulichanga sisi, kila kaya. Mimi nilizibeba. Naomba utupe hesabu ya fedha hizo." Mkutano mzima ukaitikia. Hakuna aliyeondoka mpaka jambo lile limewekewa tarehe ya kujibiwa.

Mama yule hakuhitaji kufundishwa maana ya uwajibikaji. Alikuwa na jambo, alikuwa na lugha yake, na vyote viwili vilikuwa mkononi mwake kwa wakati mmoja. Nikajiuliza ingekuwaje taarifa ile ingesomwa kwa Kiingereza. Angekaa kimya kama tulivyokaa kimya sisi kidato cha kwanza, na mtu angesema watu wa kijiji kile hawana uelewa.

Nchi yetu imewahi kulijua hili na kulisema wazi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Martha Qorro, wameandika kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza somo kwa lugha asiyoielewa, na kwamba kufundisha kwa Kiingereza si sawa na kufundisha Kiingereza. Mahakama zimepiga hatua: marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkulima wa Kalambo au Nkasi anaweza kusikia kesi yake ya shamba kwa lugha anayoijua. Mtoto wake bado anaulizwa Jiografia na Baiolojia kwa lugha ambayo hajafundishwa ikamtosha.

Msimamo wangu ni huu. Kiswahili kifundishie, na Kiingereza kifundishwe kwa bidii kama somo, na walimu wanaokimudu. Sikidharau Kiingereza. Kimenifungulia vitabu vingi, na mtoto wa Sumbawanga anastahili kukipata kizima kama anavyokipata mtoto anayesoma shule ya gharama Dar es Salaam. Ndiyo sababu nasema kukishusha hadi darasa la kwanza hakutasaidia kama huko darasa la kwanza atapewa orodha ya matunda na wanyama ya kuimba, na miaka sita baadaye akutane na "account for" peke yake katika chumba cha mtihani.

Lakini uamuzi wa lugha ya kufundishia ni wa serikali na unaweza kuchelewa. Yapo ambayo hayahitaji kungoja. Mwalimu wa Historia, wa Jiografia, wa Baiolojia, anaweza kuanza muhula kwa kufundisha maneno ya kuulizia maswali, "account for", "outline", "discuss", "distinguish", kila moja pamoja na kazi inayodaiwa, na kwa Kiswahili pale inapobidi, bila woga na bila kibao. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kudai sentensi badala ya orodha. Mkuu wa shule anaweza kufungua kabati la vitabu vya hadithi, maana kitabu kinachochakaa mikononi mwa wanafunzi kimefanya kazi yake. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka 1996, iwe darasani, si ofisini.

Nanyi wazazi, msikubali kuambiwa haraka kwamba mtoto wenu hana akili. Mwambieni awaeleze kwa Kiswahili, au kwa Kifipa, alichofundishwa siku hiyo. Akikieleza vizuri, mjue ana akili na ana maarifa, na kinachomkwamisha ni lugha. Nendeni shuleni mkadai afundishwe lugha hiyo ipasavyo kabla ya kupimwa kwayo. Hiyo ni haki yake, na sisi watu wazima ndio tunaopaswa kuitolea hesabu.